Fundi Aliyemaliza Ukuta

Mimi husoma vitabu viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha mambo yaliyotokea na kimoja cha kubuni, na mtu akiniuliza kwa nini, humwuliza kama yeye hula ugali bila mboga. Nina duka dogo la madaftari na fotokopi pale Suneka. Wateja wamezoea kunikuta nimeinamisha kichwa nyuma ya mashine, na wasio na adabu hugonga kaunta kwa funguo. Huwaacha wagonge hadi nimalize aya.

Vitabu vyangu ni mitumba. Huvinunua Kisii mjini kwa mtu anayevitandaza juu ya gunia, na sichagui sana. Safari moja nilirudi na kitabu cha kutunza udongo, maisha ya mkimbiaji aliyevunjika goti, riwaya ya mwanamke aliyemtilia mumewe sumu kwenye uji, na riwaya nyingine ya mapenzi iliyochanwa kurasa za mwisho. Kile cha udongo kiliniliza, pale mwandishi anapoeleza jinsi shamba la mama yake lilivyosombwa na mvua ya siku moja. Yule mwenye sumu nilimpenda hadi nikajiogopa. Mkimbiaji alinichosha, kwa sababu alijisifu hata akisimulia alivyoshindwa, na hapo nikajua kwamba mtu anaweza kusema mambo ya kweli matupu na bado akakudanganya. Na ile riwaya iliyochanwa, nilikasirika siku mbili, kisha nikaitungia mwisho mwenyewe, nikauandika nyuma ya jalada, nikaridhika nao kabisa. Nalitaja hili kwa sababu ndipo ubaya wangu ulipoanzia.

Hakuna swali linaloniudhi kama hili: lakini hiyo ni hadithi ya kweli? Nimelisikia maisha yangu yote kutoka kwa baba. Yeye ni mkulima wa chai kule Magwagwa, upande wa Nyamira, na mzee wa kanisa la Kisabato tangu kabla sijaanza shule. Nyumbani kwake palikuwa na Biblia, kijitabu cha mafundisho ya Sabato tunachokiita lesoni, na kitabu chochote cha jambo lililotokea. Hadithi ya kubuni kwake ilikuwa uongo uliopigwa chapa. Nilipokuwa darasa la saba alinikuta na riwaya ya kuazima, akaisukuma chini ya sufuria jikoni, na maharagwe yakaiva. Niliyala kwa hasira. Hasira hiyo ninayo hadi leo, ingawa maharagwe yalikuwa matamu.

Alikuwa na sheria nyingine, na hii lazima niieleze kwa sababu itarudi. Kwa baba, kesi hazisikizwi siku ya Sabato. Ukivunja chungu Jumamosi saa nne asubuhi, hakuna atakayekugusa wala kukuuliza. Utakula, utaimba, utajifunza mafungu ya Biblia, na jua likishazama na sala ya kufunga Sabato ikishaombwa, ndipo baba atakuita. Watoto wote wa nyumba ile watakwambia kwamba yale masaa ya kungoja yalikuwa mabaya kuliko fimbo yenyewe.

Kisukari kilimchukua macho kwanza, kidogo kidogo, mpaka akashindwa kusoma lesoni. Mama alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo nikaanza kwenda kila Ijumaa kabla jua halijazama na kurudi Suneka Jumapili jioni, na Jumapili nikawa namsomea. Vitabu vya kweli tu, alisema. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Nilishika kitabu cha Kiingereza mkononi na kutoa Ekegusii, lugha yetu, mdomoni, sentensi kwa sentensi, na kazi hiyo ina siri yake: macho lazima yatangulie ulimi kwa mistari miwili mitatu, la sivyo utakwama. Tulimaliza kile cha udongo hivyo. Alikipenda, akabishana na mwandishi kuhusu mbolea.

Kisha mguu. Alijikata kidole kwa jembe, hakusikia maumivu, akaendelea kulima. Kidonda kikakataa kupona. Daktari wa Kisii akatuita mimi na kaka yangu pembeni, akasema mguu ukatwe chini ya goti, na kwamba kila wiki ya kuchelewa ina hesabu yake. Tulimpelekea baba maneno hayo, naye akayakataa yote. Shamba lake liko mteremkoni, na chai haichumwi kwa mguu mmoja. Halafu akaleta jambo ambalo sikulitarajia. Aliuliza mguu utawekwa wapi. Yeye azikwe Magwagwa, mguu utupwe mjini, halafu siku ya ufufuo aanze kuutafuta kwa watu? Nikamwambia aliyeuumba atajua ulipo. Akaniambia nisimfundishe Maandiko.

Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali. Niligombana na kaka, nikagombana na wateja, nikamkaripia mke wa kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha kile kidonda kila asubuhi bila kulalamika.  Mke wa kaka alinipeleka nyuma ya nyumba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kimeanza kutoa harufu.

Wiki hiyo, juu ya gunia la Kisii, nikakipata kitabu cha daktari. Alikuwa mpasuaji wa nchi moja ya baridi, na alikuwa akisimulia wagonjwa wake, kila mmoja na sura yake. Nilikitia mkobani kwa furaha kubwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: sikukisoma kwanza. Mimi ninayesoma hata karatasi za kufungia chumvi, kitabu hicho nilikifungua kwa mara ya kwanza mbele ya baba.

Sura ya tatu ilikuwa ya fundi mwashi, mzee, mwenye kidonda cha mguu. Baba alikuwa ameuweka wake juu ya kigoda. Nikaona masikio yake yamesimama. Daktari anamwambia fundi mguu ukatwe, fundi anasema ana ukuta wa kanisa hajaumaliza, na mtu haachi ukuta katikati. Anarudi kwake, anajenga wiki tatu akiwa amejiegemeza kwenye gongo, anaweka jiwe la mwisho, ndipo anakuja hospitalini akiwa amevaa suti. Baba akacheka kwa raha. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya mama.

"Huyo ni mwanamume," akasema. "Soma."

Macho yangu yalikuwa yameshatangulia. Yaliona kwamba fundi alikufa palepale kwenye meza ya upasuaji, saa ile ile. Ulimi ulikuwa bado uko kwenye suti. Nilikuwa na labda pumzi mbili za kuamua, na sikuamua, niligeuza tu. Nikasema fundi alikatwa mguu, akapona. Nikasema akachongewa mguu wa mti, akarudi kuutazama ukuta wake. Na kwa kuwa nilijua kinachomsumbua baba, nikaongeza kwamba ule mguu fundi aliupeleka kwake, akauzika migombani nyuma ya nyumba, ili ajue ulipo.

Baba aliupapasa mguu wake juu ya kigoda. Kisha akasema kama fundi aliweza, na yeye ataweza. Mke wa kaka, aliyekuwa mlangoni na beseni, alishika kizingiti akaanza kulia. Mimi nilijiona mshindi. Nilisema moyoni, unaona sasa, mzee, kazi ya uongo uliopigwa chapa.

Ushindi huo haukudumu hata hadi chakula cha mchana. Baba alisema atakatwa, lakini na yeye ana ukuta wake. Makambi ya kanisa, ule mkutano wetu mkubwa wa kila mwaka, yalikuwa yamebakiza wiki nne, na yeye ndiye aliyekuwa akiyafungua kwa sala miaka yote. Angeyafungua, kisha angevaa suti aende Kisii. Kama fundi.

Nikamwambia haiwezekani kungoja. Akaniuliza, fundi hakungoja? Na hapo alinibana, kwa sababu kungoja kulikuwa kwa kweli. Kulikuwamo kitabuni, nimekisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno. Nilichoondoa ni kifo peke yake, na kifo kilipoondoka, ule ukuta ukageuka kuwa sifa.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani Suneka na kile kitabu wazi mbele yangu, na sikuweza kusoma kitu kingine. Nilianza riwaya nikaiacha. Nilijaribu historia ya reli, nikaiacha. Nilitafuta njia ya kutoka. Nikimwambia nilidanganya, atakataa kukatwa kabisa, tena hataniamini tena mimi wala daktari. Nisipomwambia, atangoja, na mguu haungoji. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami sikula vizuri siku tano.

Jumapili nilijaribu ujanja. Nilipofika ukurasa mwingine kabisa, wa mgonjwa wa ini, nikamrudisha fundi pale kwa nguvu, nikamfanya aseme kwamba alijuta kuchelewa. Baba akainua mkono.

"Wiki iliyopita hakujuta," akasema. "Kitabu kimebadilika?"

Nikasema labda nilisoma vibaya. Akasema nisome pole pole. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye muundi, na alikuwa na homa ambayo aliiita mafua. Kila aliponiuliza habari za fundi nilimpa kidogo: fundi ameozesha binti, fundi ameanza kufundisha vijana kuchonga mawe. Alimpenda sana. Akafika mahali pa kutangaza kwamba kitabu kile kinaweza kusomwa hata Sabato, kwa kuwa Bwana aliponya siku ya Sabato. Nilisikia aibu ambayo sijui niifananishe na nini. Uongo wangu ulikuwa umepandishwa cheo na mzee wa kanisa.

Sabato ya tatu, baada ya ibada, alikuja kumtembelea mwalimu mstaafu aliyenifundisha Kiingereza shuleni, mtu mpole, mwenye kusoma kwa sauti ya darasani hata akisoma lebo ya dawa. Mke wa kaka na mimi tulikuwa jikoni tukipakua chakula cha Sabato kilichopikwa jana yake. Nilisikia baba akimwambia mwalimu kwamba kuna fundi mmoja anataka amjue, yuko sura ya tatu.

Ningeweza kuingia. Nimejiuliza mara nyingi. Ningeweza kumwaga chai, kupiga kelele kwamba kuna nyoka, chochote. Nilisimama kwenye ujia na chupa ya chai mkononi, nikasikiliza mwalimu akisoma Kiingereza, kisha akikitoa kwa Ekegusii safi, bila kuruka kitu, kama alivyotufundisha. Ukuta. Wiki tatu. Suti. Baba alikuwa akicheka palepale alipocheka mara ya kwanza. Kisha mwalimu akasoma kwamba fundi alikufa.

Kicheko kilikatika. Mwalimu akamaliza ukurasa, akageuza karatasi, akafunga kitabu, akasema ni habari ya huzuni lakini imeandikwa vizuri. Baba akamshukuru. Akaniita nilete chai, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Niliimimina hadi ikafurika kwenye kisahani. Hakuniuliza kitu. Alikula, akamwomba mwalimu atuombee, akamsindikiza kwa maneno hadi mlangoni kwa kuwa kwa miguu hawezi. Ilikuwa saa nane na nusu. Jua lilikuwa bado na masaa manne.

Mimi ni mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini. Nina duka, nimezaa, nimezika. Lakini nilikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya baba yangu nikitazama jua juu ya chai kama yule mtoto aliyevunja chungu. Ndani nilimsikia akikohoa. Mara mbili nilisimama niingie nikaungame, na mara mbili nikakaa, maana najua angeniambia leo ni Sabato. Nilimchukia kwa hilo. Mguu unaoza, na yeye anatunza ratiba. Kisha nikajichukia mimi, kwa sababu masaa manne yake hayakuwa kitu mbele ya wiki zangu tatu.

Jua likazama. Tukaimba wimbo mmoja, kaka akaomba sala ya kufunga. Baba akasema wengine wote watoke, mimi nilete kitabu.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na mguu wake. Harufu sasa haikuwa ya kufichika.

"Fundi alikufa," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Na migomba?"

"Huko hakuna migomba, Tata. Ni baridi tu."

Akatikisa kichwa pole pole. Nikaanza kueleza, nikalia, nikasema niliogopa, nikasema alikuwa amecheka. Akaniacha nimalize. Kisha akasema nimsomee tena, na safari hii nisome na yale ambayo mwalimu hakufika, mwisho wa sura, kwa sababu alisikia karatasi ikigeuzwa na haikusomwa. Macho yake yamekufa lakini masikio yake hayajawahi kukosea.

Ukurasa huo hata mimi sikuwa nimemsomea mtu yeyote. Daktari anaeleza humo kwamba fundi angekuja siku alipoambiwa, angepona, na kwamba ule ukuta ndio uliomwua. Anasema alijilaumu kwa kumhurumia mgonjwa hata asimwambie wazi atakufa. Nilisoma yote. Nilipomaliza, baba alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili.

"Hili ungenisomea siku ile," akasema, "ningekwenda kesho yake. Mimi nimezika wazazi, nimezika mama yako. Ulidhani kifo cha fundi ndicho kitanishinda?"

 Nilimwuliza kuhusu makambi. Akasema yatafunguliwa na mwenye miguu, na nimwambie kaka atafute gari la asubuhi.

Kisii daktari alifungua bandeji, akaukodolea macho mguu, akatutazama mmoja mmoja. Yeye si wa kwetu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili.

"Mzee, hii mguu imekaa sana nyumbani. Mngekuja ile wiki niliwaambia, tungekata hapa chini. Sasa itabidi ni juu ya goti."

Baba hakumtazama daktari. Aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama, na kwa mtu asiyeona, alinipata sawasawa.

Alipona. Kaka aliomba ule mguu, akajaza fomu, akaupeleka nyumbani, ukazikwa migombani nyuma ya nyumba. Katika yote niliyotunga, hilo moja tu ndilo lililotimia. Tofauti ya kukatwa chini na juu ya goti nimejifunza sasa, si kitabuni. Mwenye goti hujifunza kutembea. Baba hukaa kwenye kiti chake barazani, akisikiliza watu wengine wakichuma chai yake, na huwauliza wamefika mstari gani.

Miezi kadhaa hakutaka kusomewa chochote isipokuwa lesoni, na lesoni alisomewa na mke wa kaka. Mimi nilikwenda kila Ijumaa vilevile, nikafua, nikapika. Nilirudi kusoma vitabu vyangu viwili viwili dukani. Bado nasema riwaya si uongo, na bado nitagombana na anayesema ni uongo. Mtunzi wa riwaya anakuambia mlangoni kwamba nyumba hii ni ya kubuni, ingia ukitaka. Mimi nilimwingiza baba yangu kipofu kwenye nyumba ya kubuni nikamwambia ni kwake. Hilo halina jina zuri, na sitalitafutia.

Jumapili moja nilikuwa nikipepeta wimbi barazani. Baba aliniita, nikadhani anataka maji.

"Yule fundi," akasema. "Si yule wa daktari. Yule wetu, wa migombani. Anaendeleaje?"

Nikamwuliza kama anajua kwamba huyo ni wa kubuni. Akasema yeye ameuliza habari za fundi, hakuuliza mafundisho. Nikaweka ungo chini, nikavuta kigoda. Sikuwa na kitabu mkononi, na alijua sina. Nikaanza pale suti ilipoishia. Nikasema fundi alikatwa juu ya goti, wala si chini yake, kwa sababu binti yake alijua kilichompata yule fundi mwingine aliyengoja, akamficha baba yake.

 Mtu alipita njiani na gunia la majani ya chai, akasalimiana na baba.

"Fundi alimkasirikia huyo binti?" akauliza.

Nikasema hapo sijafika.

"Alikasirika sana," akasema. "Hilo usiliruke. Kisha endelea."